Usikae na karatasi ndani: maswali yenu kuhusu msaada wa kisheria

Mwezi huu barua zimekuwa nyingi kuliko kawaida, nyingine zimekuja kwa meseji za sauti ikabidi nikae nizisikilize huku naandika. Majina yote nimeyatoa, hata wale mlioniambia niyaweke, maana kesi zenu bado mbichi na wanaowasumbua nao wanasoma. Karibu nyote mmeuliza kitu kimoja kwa maneno tofauti, sina hela ya wakili, naanzia wapi? Tuanze na huyu mdogo wetu wa Mbagala, nitakaa naye kidogo kwa sababu barua za aina yake ndo nyingi.

Shemeji kashika hati ya kiwanja

*Shikamoo dada. Mume wangu amefariki miezi mitatu iliyopita, tuna watoto wawili, mkubwa yuko darasa la sita. Nyumba yetu tumejenga wenyewe, vyumba vinne, viwili tunapangisha. Baada ya arobaini ndugu wa mume walikaa kikao wakamchagua shemeji awe msimamizi wa mirathi, akachukua hati ya mauziano ya kiwanja na kodi za wapangaji anapokea yeye. Nikiuliza ananiambia kwa mila zao mwanamke harithi, nikitaka kubaki hapo basi nikubali anirithi mimi. Wiki iliyopita kaleta watu wawili kuangalia nyumba. Mimi nauza chakula, kile kiwanja tulikinunua kwa hela ya mchezo wangu wa upatu ila jina lililoandikwa ni la mume. Nifanyeje? – Mama wawili, Mbagala*

Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa msiba. Barua yako nimeirudia mara tatu maana humo ndani umechanganyiwa mambo mengi kwa pamoja ili uchoke, hebu tuyatenganishe.

Kikao cha ukoo hakimpi mtu usimamizi wa mirathi. Kikao kinapendekeza jina tu, wanaandika muhtasari wanasaini, afu muhtasari ule pamoja na cheti cha kifo cha RITA vinapelekwa mahakamani na ni mahakama ndo inayoteua. Kwa hiyo shemeji yako muulize swali moja, barua ya mahakama iliyokuteua iko wapi? Kama hana, hana mamlaka ya kupokea hata kodi ya chumba kimoja. Na hata kama anayo, msimamizi sio mwenye mali, kazi yake ni kukusanya vilivyoachwa, kulipa madeni ya marehemu na kuwagawia warithi, basi. Hilo neno msimamizi limeliza wajane wengi nchi hii kwa sababu watu wanalisikia kama mrithi mkuu.

Kesho asubuhi, nasema kesho kwa sababu watu wameshaanza kuletwa kuangalia nyumba, nenda kwanza ofisi ya serikali ya mtaa na barua uliyoiandika mwenyewe kwa mkono, haihitaji maneno makubwa, andika tu kwamba nyumba namba fulani ni ya familia ya marehemu fulani, mirathi haijagawanywa, naomba ofisi isishuhudie mauziano yoyote. Toa kopi mbili, moja waache, ya pili wagonge mhuri na tarehe urudi nayo. Viwanja vya mauziano ya mtaani vinauzwa mbele ya mjumbe na mwenyekiti, ukifunga pale umefunga mlango mkubwa. Kama ingekuwa kiwanja chenye hatimiliki ya wizara ungeenda pia kwa Msajili wa Hati kuweka zuio.

Ukitoka hapo nenda mahakamani, kwa huko kwenu kuna kile Kituo Jumuishi cha Temeke kinachoshughulikia ndoa na mirathi. Kabla hujaongea na mtu simama kwenye ubao wa matangazo. Mirathi ikifunguliwa tangazo linabandikwa, ila karatasi ni nyingi na zinawekwa moja juu ya nyingine, kwa hiyo inua ya juu usome ya chini mpaka uhakikishe jina la mumeo lipo au halipo. Halafu ingia masjala uulize. Kama lipo na msimamizi bado hajateuliwa, unaweka pingamizi. Kama shemeji ameshateuliwa kimyakimya, unaomba mahakama imtengue au imwamuru alete hesabu. Msimamizi aliyeteuliwa na mahakama ya mwanzo anatakiwa ndani ya miezi 4 apeleke orodha ya mali na madeni kwenye fomu namba 5, na baadaye hesabu za mgawanyo kwenye fomu namba 6, na wengi hawapelekagi kwa sababu hamna anayeuliza. Wewe uliza. Na kama hamna mirathi yoyote iliyofunguliwa, basi fungua wewe, mjane anaruhusiwa kabisa kuomba usimamizi.

Sasa hili la mwanamke harithi. Hujaniambia dini wala kabila la marehemu kwa hiyo nakupa yote matatu. Akiwa aliishi kiislamu, mjane mwenye watoto anapata thumni, yaani sehemu 1 kati ya 8. Ikitumika sheria ya kiserikali ambayo ndo hutumika kwa Wakristo wengi, mjane ni theluthi na watoto theluthi mbili. Kwenye sheria ya mila iliyoandikwa mwaka 1963 ndo kuna kifungu kinachosema mjane hana fungu kama marehemu ameacha ndugu wa ukoo, atatunzwa na watoto wake, na hicho ndo shemeji anachokitegemea japo pengine hajawahi kukiona kwa macho. Lakini mahakama haichukui mila kwa sababu tu marehemu alizaliwa kwenye kabila fulani, inaangalia aliishije. Mtu aliyefunga ndoa kanisani au msikitini, akakaa Dar miaka yote, watoto kawalea huku, hiyo mila inakuwa ngumu sana kumbebesha kaburini.

Na kabla hatujafika kwenye kugawa, sehemu yako sio mali ya marehemu. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ilisema kazi za mke nyumbani ni mchango kwenye mali ya familia. Ile ilikuwa ya talaka, yako ni mirathi, lakini hoja unaweza kuipeleka, na wewe una zaidi ya kazi za nyumbani, una hela ya mchezo. Sheria inaanza kwa kuamini kwamba aliyeandikwa jina ndo mwenye mali, ila imani hiyo inavunjwa kwa ushahidi, kwa hiyo watafute wale wanawake mliokuwa mnacheza nao, daftari la kijumbe lenye zamu yako, na shahidi aliyesaini mauziano kama bado yupo.

La kurithiwa wewe nalijibu kwa sentensi moja, Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema mjane ana uhuru wa kuishi anapotaka na kuolewa au kutokuolewa na amtakaye, hakuna kikao cha kuibadilisha.

Hayo yote huhitaji kuyafanya peke yako wala kulipia. Nenda kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata au wa manispaa umuulize msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa karibu nawe. Kuna pia Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake, WLAC, kuna chama cha wanasheria wanawake TAWLA na kuna Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, wote hao wapo hapo Dar na mambo ya wajane wanayajua kama sala. Beba cheti cha ndoa, cheti cha kifo, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na ile barua yenye mhuri wa mtaa. Kama hamkuwahi kufunga ndoa usiogope nenda hivyo hivyo, mkiwa mmekaa pamoja miaka 2 na zaidi na watu wanawajua kama mke na mume sheria inaweza kuwadhania mmeoana.

Bosi anasema subiri

*Dada habari. Nilikuwa mlinzi kwenye kampuni moja hapa Mwanza miaka 6. Tarehe 3 supavaiza kanipigia simu kasema nisije lindo mpaka nitakapoitwa, nikienda ofisini naambiwa subiri bosi anarudi. Leo ni siku ya 24. Mkataba sikuwahi kupewa. Naogopa nikishtaki ndo watanifuta kabisa. – Mlinzi, Igoma*

Kaka yangu una siku 6. Acha kila kitu usome hili.

Aliyeachishwa kazi anatakiwa apeleke lalamiko lake CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa, na wikiendi zinahesabika humo. Madai mengine kama mishahara ambayo hawajakulipa ni siku 60. Unachukua fomu namba 1 pale pale kwenye ofisi yao, Mwanza ipo, unaijaza kwa Kiswahili, nakala unampelekea mwajiri asaini kuipokea, akikataa kusaini itume kwa rejista ya posta utunze risiti, halafu unaipeleka Tume. Hakuna ada. Huhitaji wakili, ukiwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi anaweza kukusindikiza mtu wa chama.

Kuhusu mkataba, usilie. Ni wajibu wa mwajiri kukupa maelezo ya ajira kwa maandishi, na asipoweza kuyaonyesha mbele ya Tume basi mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini unamwangukia yeye, sio wewe. Wewe lete meseji za mshahara zilizoingia kwenye simu, hata kama ni za M-Pesa, usizifute, lete kitambulisho cha kazi, picha ukiwa na yunifomu, na rosta ya lindo kama uliipiga picha. Hiyo simu ya supavaiza ya tarehe 3 iandike leo kwenye karatasi, saa ngapi, alisema nini, nani alikuwa karibu akisikia.

Nakupa na la kwangu. Baba yangu mzazi alikuwa fundi kwenye kiwanda kimoja, jina silitaji, waliambiwa hivyo hivyo subirini tutawaita, akasubiri kwa heshima zote miezi 5, kila Jumatatu anapiga pasi shati anaenda getini anarudi saa nne. Alipokuja kuambiwa kuna mahali pa kushtaki, akaulizwa ulikuwa wapi siku zote? Kuna fomu namba 2 ya kuomba kuongezewa muda, ila unatakiwa uitolee sababu kila siku uliyochelewa, na kumwamini bosi haikuwa sababu. Alirudi nyumbani akalikunja lile shati. Nilikuwa kidato cha pili, sekondari, na ndo siku nilipoamua nitasoma hii kitu.

Kwa hiyo kama wanataka kukuita kazini wakuite ukiwa umeshafungua. Hatua ya kwanza Tume ni usuluhishi, mnakaa mezani mnaongea, wengi wanamalizana hapo hapo.

Hela ya dhamana bila risiti

*Mwanangu ni dereva boda, alikamatwa Ijumaa usiku kwa kosa la kugombana, nikaenda kituoni nikaambiwa dhamana ni elfu 80, nikatafuta nikapata 50 wakapokea, akatoka Jumatatu jioni. Sikupewa karatasi. Sasa kesi iko mahakamani na yeye hana wa kumsemea. – Mama yake, Mbeya*

Mama yangu shikamoo. Dhamana ya polisi ni bure. Kinachotakiwa ni mdhamini mwenye kitambulisho na barua ya mtendaji au serikali ya mtaa, anasaini kwamba mtu wake atarudi, na kama kuna kiasi cha fedha kimeandikwa kile ni ahadi ya kulipa akitoroka, sio hela ya kutoa mkononi. Na mtu akikamatwa anatakiwa ndani ya saa 24 awe amepewa dhamana au amefikishwa mahakamani, kwa hiyo Ijumaa mpaka Jumatatu jioni kuna mtu alitakiwa kutoa maelezo. Hiyo elfu 50 unaweza kuiripoti TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, namba yao 113 ni bure kupiga, andika siku, saa, na sura ya aliyepokea kama jina hulijui.

Nawaomba wote mlioko nje ya kituo cha polisi saa nne usiku mnachangishana, ulizeni kwanza, kosa ni lipi? Yapo makosa ambayo sheria inazuia dhamana, mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, ugaidi, utakatishaji fedha. Kugombana sio mojawapo.

Kwa kesi iliyoko sasa, mwambie kijana siku ya kutajwa asimame amwambie hakimu mheshimiwa sina uwezo wa wakili naomba msaada wa kisheria. Aseme tu hivyo, asione aibu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imempa hakimu nafasi ya kuthibitisha kwamba mtu hana uwezo na kwamba haki inadai asaidiwe, jina likaenda kwa watoa huduma. Kabla ya sheria hii ilikuwepo ya mwaka 1969 na ilihusu jinai peke yake, mtu wa ardhi au wa ndoa hakuwa na pa kuomba kwa sheria ile, sasa hivi hata kesi za madai zimo. Na sheria hiyo hiyo inataka pawe na utaratibu wa msaada kwenye vituo vya polisi na magereza, kwa hiyo hata akiwa mahabusu aulize.

Baraza la kata wamenirudisha

*Mimi ni mkulima Kilosa. Jirani kasogeza mpaka kaingia hatua 20 shambani kwangu, kang'oa mkonge tuliopanda na marehemu baba yake. Baraza la kata wanasema siku hizi hawahukumu. Wananidanganya? – Mzee wa miaka 71*

Shikamoo mzee wangu. Hawakudanganyi. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021 baraza la kata linasuluhisha tu, halitoi hukumu ya ardhi. Ila huwezi kuliruka. Fungua pale, wakishindwa kuwapatanisha wakupe cheti kinachosema wameshindwa, ndo uende nacho Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Zikipita siku 30 tangu ufungue na hawajamaliza, unaweza kwenda wilayani hata bila cheti, ndo maana nasema siku ya kufungua hakikisha wamekuandikia tarehe na mhuri.

Mzee, ule mkonge uliong'olewa usiuache upotee. Mara nyingi visiki vinabaki au vichipukizi vinaanza kutoka kwenye mstari ule ule, mwite mjukuu apige picha simu ikiwa imesimama mpakani kwenu, upande mmoja mwembe wako uonekane, upande wa pili nyumba yake. Tafuta wazee wawili waliokuwepo mkipanda. Na ukifika wilayani omba baraza lije shambani lijionee, hilo ni ombi halali kabisa. Ukishindwa kule, rufaa ya Mahakama Kuu ni siku 45.

Aliyegonga mhuri hakuwa wakili

*Kuna mtu nje ya mahakama aliniandikia kiapo kwa elfu 30, hakimu kakikataa kasema mhuri haueleweki. – Dada, Morogoro*

Pole, huyo alikuwa kishoka. Wanakaa chini ya miti na mafaili wamevaa tai, na wanajua majina ya makarani wote. Wakili wa kweli jina lake linaonekana kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, mwombe yeyote mwenye simu ya intaneti akuangalizie kabla hujatoa hata mia. Na msaidizi wa kisheria hatozi hela, haandiki bei, akikutajia bei huyo sio msaidizi, karipoti halmashauri kwa Afisa Maendeleo ya Jamii.

Sie wa visiwani

*Assalaam alaykum. Nasoma majibu yako kila mwezi lakini mie niko Wete, hayo ya CMA na baraza la kata yatuhusu? – Msomaji, Pemba*

Waalaykum salaam ndugu yangu, umefanya vyema kuuliza maana nimekuwa nikisahau kulisema. Hayavuki bahari. Zanzibar ina sheria yake ya msaada wa kisheria ya mwaka 2018, kesi za ndoa, talaka na mirathi za Waislamu ziko Mahakama ya Kadhi, za ardhi ziko Mahakama ya Ardhi, na kazi ina utaratibu wake, kwa hiyo usihesabu siku kwa tarehe ninazowapa wa bara. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kipo tangu 1992 na kina wasaidizi wa sheria mpaka Pemba, waulize hao mwanzo.

Tunazima moto nyumba moja moja

*Mimi ni msaidizi wa kisheria mkoa wa Shinyanga mwaka wa 7. Najitolea, baiskeli yangu, vocha yangu. Mwezi uliopita nimepokea wajane 9, wote wamefukuzwa na ukweni kwa sababu ile ile. Nikimrudisha mmoja wanakuja wawili. Nikienda semina naambiwa tufanye utetezi wa sera, sera zinatungwa Dodoma mimi niko huku na daftari. Inanisaidia nini? – Msaidizi wa kisheria*

Mwenzangu, kwanza asante. Bila ninyi hii safu ingekuwa maneno tu, mimi naandika nenda kwa msaidizi wa kisheria, na huyo msaidizi ni wewe kwenye baiskeli. Naona wizi kukwambia jitolee zaidi, na serikali pamoja na wafadhili wanatakiwa walisikie hilo la vocha, kwa sababu kampeni kama ile ya msaada wa kisheria ya Mama Samia iliyoanza 2023 inakuja na mahema inapokea watu inaondoka, na anayebaki na mafaili yao ni wewe.

Lakini hapo kwenye sera naomba nibishane nawe kidogo, na mfano sitoi mbali, natoa hapo hapo mkoani kwako. Walikuwepo wajane wawili, mafundi cherehani, waume zao walipofariki mali ikachukuliwa na ndugu wa mume kwa mila hiyo ya 1963, wao na watoto wakatolewa nje. Wakaenda Mahakama Kuu, wakisaidiwa na WLAC, hawakuomba nyumba zao peke yake, waliomba sheria yenyewe itamkwe kwamba ni ya kibaguzi. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikakubali kwamba ubaguzi upo lakini ikasema haiwezi kuzigusa mila. Wakakata rufaa, wakasubiri miaka 4, rufaa ikatupwa 2010 kwa kasoro ya kiutaratibu kwenye karatasi, wala haikusikilizwa. Wangeweza kukata tamaa pale, mtu yeyote angekata. Wakaenda kamati ya CEDAW ya Umoja wa Mataifa, inayosimamia mkataba wa kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 ikasema wazi kwamba nchi ilivunja haki zao na kwamba sheria zile zinatakiwa zirekebishwe. Mafundi cherehani wa Shinyanga! Leo wakili yeyote anayesimama kumtetea mjane ana karatasi ile mkononi.

Mwangalie na Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana. Sheria ya Ndoa iliruhusu msichana aolewe na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, akaipeleka mahakamani, 2016 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo vinapingana na Katiba, serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikabaki upande wa mtoto wa kike. Serikali ilipewa mwaka mmoja irekebishe, mwaka ukaisha bila marekebisho, ndo uone kushinda kesi ni nusu ya kazi na nusu nyingine ni kuwasumbua wabunge kwa takwimu za vijijini. Tena ukaja ugumu mwingine, mwaka 2020 sheria ilibadilishwa, anayetaka kupinga sheria kwa kulinda Katiba akatakiwa aonyeshe yeye mwenyewe imemuumizaje. Kabla ya hapo shirika lingeweza kusimama peke yake, mabadiliko yale yakataka mtu aliyeumizwa, na huyo mtu yuko kwenye daftari lako.

Ndo jibu langu. Wajane 9 kwa mwezi mmoja sababu moja, hiyo sio kazi ya kuzima moto tena, huo ni ushahidi. Chora mistari kwenye daftari uongeze safu 4: amefukuzwa baada ya siku ngapi tangu msiba, nani kamfukuza, alikwenda ofisi gani kwanza, na akajibiwa nini. Hiyo ya mwisho usiifupishe, andika maneno yenyewe, kama mtendaji alisema nenda mkayamalize kwenye ukoo andika hivyo hivyo. Maana ukienda mbele ya diwani au kamati ya Bunge ukasema wajane wananyanyasika watakubali kwa kichwa na kuendelea na ajenda, ukisema kati ya 9, 6 waliambiwa na ofisi ya umma wakayamalize ukoo, hapo mtu anaulizwa.

Niliona hilo likifanya kazi kwenye lugha. Tulilalamika miaka mingi kwamba mtu anashtakiwa kwa Kiswahili, anajitetea kwa Kiswahili, afu hukumu anapewa kwa Kiingereza anaenda kumtafuta mwalimu wa kumsomea. Mwaka 2021 sheria ikabadilishwa, Kiswahili ndo lugha ya sheria na ya mahakama. Bado haijafika kila chumba, lakini siku hizi nikikaa na mama na hukumu yake tunaisoma wote wawili, mstari kwa mstari, na akinikatiza kusema hapa wamekosea mimi sikusema hivi, anakuwa amelijua mwenyewe.

Nitumie picha za kurasa 3 za daftari lako, majina uyafunike kwa kipande cha karatasi. Nimeongea na mhariri, toleo lijalo tunazitoa kama zilivyo kwa mwandiko wako, na wasaidizi wengine wa Geita, Tabora na Simiyu mnaopokea wajane wa aina hiyo nanyi tumeni zenu kabla ya tarehe 20.